Dawa ya kuzuia damu kuganda na zamu za usiku: saa ya kumeza ina maana, au ni mazoea tu?

ZamuTatu

Habari wadau, naombeni msaada manake hili jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa. Nilipata damu kuganda mguu wa kushoto, shavu la mguu likavimba likawa gumu na la moto, nikadhani nimejikwaa tu kumbe ni donge la damu kwenye mshipa wa ndani. Nikaanzishiwa rivaroksabani, wiki tatu za mwanzo miligramu 15 mara mbili kwa siku, saivi niko kwenye 20 mara moja, na nimeambiwa nimeze pamoja na chakula, kila siku muda ule ule.

Sasa shida iko hapo kwenye muda ule ule. Kazini tunaenda zamu tatu zinazobadilika kila wiki, ya asubuhi saa 12 hadi saa 8 mchana, ya mchana saa 8 hadi saa 4 usiku, na ya usiku saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Wiki ya asubuhi nameza saa 2 usiku baada ya kula. Wiki ya usiku nalala mchana, naamka saa 9 alasiri, nakula nameza hapo hapo. Juzi nikachukua peni nikaanza kuandika nyuma ya karatasi ya vidonge, kila kidonge ninachokitoa naandika nimekitoa saa ngapi, ndo nikashtuka, mara kati ya kidonge na kidonge ni masaa 19, mara 29. Nilikuwa najiona mtu wa kumeza kila siku bila kukosa kumbe.

Halafu mama yangu yuko kwenye warfarini miaka mingi na yeye ni jioni tu, ukimuuliza kwa nini anasema aliambiwa hivyo basi. Na mwenzangu kazini anasema damu huwa nzito alfajiri kwa hiyo hizi dawa zimezwe kabla ya kulala ili alfajiri ikute ziko kazini. Ila mimi alfajiri niko macho nimesimama kwenye mashine, sasa mwili wangu unajua kwamba ni alfajiri au unadhani ni mchana? Hicho ndo hasa nataka kuelewa. Na tangu wiki iliyopita nikipiga mswaki ufizi unatoa damu kidogo, sijui inahusiana au la.

NesiWaKliniki

Pole sana ndugu yangu, na umefanya jambo la maana sana kuandika yale masaa, wengi hawajui pengo lao ni kubwa kiasi gani mpaka waliandike. Mimi ni nesi, nimehudumia wagonjwa wa dawa hizi muda mrefu, nitakujibu ninachokijua ila dozi yako usiiguse mpaka uongee na wanaokutibu.

Kwanza hizi dawa tunaziita za kuyeyusha damu lakini damu haiwi nyepesi kama maji, uzito wake uko vile vile, kinachopungua ni kasi ya kuganda. Kwa hiyo mwenzako akisema damu nzito alfajiri ana kitu ndani yake ila neno lenyewe linapotosha. Kinachotokea ni kwamba mwili una saa yake, kiini kidogo sana ndani ya ubongo, juu tu ya pale mishipa ya macho inapopishana, kinapokea mwanga na kupanga ratiba ya mwili mzima, na ini na mishipa ya damu nayo ina visaa vyake vinavyofuata hiyo kubwa. Kuelekea asubuhi homoni ya kotisoli inapanda, ukiinuka kitandani adrenalini na presha zinapanda, na chembe sahani (zile chembe ndogo zinazokimbilia kuziba jeraha) zinakuwa nyepesi kushikana. Halafu kuna protini inaitwa PAI-1, kazi yake ni kuufunga breki ule mfumo wa mwili wa kuyeyusha madonge yaliyokwisha kuganda, nayo iko juu kabisa asubuhi. Yaani muda ambao donge ni rahisi kutengenezwa ndo huo huo ambao mwili ni mzito kulivunja. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba shambulio la moyo linaanza zaidi asubuhi, saa 3 asubuhi ni kama mara tatu ya ilivyo saa 5 usiku. Hiyo haikuwa bahati tu, imeonekana tena na tena, na kiharusi nacho kinafuata mkondo huo huo.

Sasa swali lako zuri, mwili unajua? Sehemu moja inatokana na kuinuka. Ile ya chembe sahani kushikana asubuhi walijaribu watu wakabaki wamelala bila kusimama na haikupanda kama kawaida, kwa hiyo kule kusimama na kuanza pilika kuna mchango wake. Lakini PAI-1 ni habari nyingine. Utafiti uliotoka 2014, Marekani tena, waliwaweka watu wenye afya kwenye chumba cha mwanga hafifu, wakawapa siku ya masaa 20 badala ya 24, usingizi na kula vikawa vinahama hama kila siku, na bado PAI-1 ikawa inapanda kileleni kwenye saa 12 na nusu asubuhi ya saa ya ndani ya mwili, haijali umelala au uko macho. Kwa hiyo kwa mtu wa zamu inayobadilika kila wiki kama wewe, mwili unajua ni alfajiri. Saa ya ndani haigeuki ndani ya siku mbili tatu, na wakati inaanza kugeuka wewe umesharudi zamu nyingine.

Na dawa zenyewe zinaweza kucheza na hiyo saa. Kuna utafiti wa Ufaransa wa 1985 ambao nikikumbuka bado unanisisimua, wagonjwa 6 tu, walitundikiwa heparini kwa kasi ile ile usiku na mchana bila kubadilisha chochote, na bado nguvu ya dawa ikawa juu usiku na chini asubuhi, baadhi yao usiku walivuka kabisa kiwango cha usalama cha kutoka damu. Pampu ile ile, dozi ile ile, mtu yule yule. Ndo maana muda wa kuchukua damu ya kipimo huwa tunauandika, sio urasimu.

Kuhusu ufizi, damu kidogo wakati wa mswaki inatokea kwa wengi wanaotumia dawa hizi, tumia mswaki laini na uwaambie kliniki. Lakini ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu inayotoka bila kukata, au umegonga kichwa hata kama hujisikii vibaya, usije kuandika hapa, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

BabuValvu

Wanangu salaam. Naomba niseme upande wa mama, maana mimi nina valvu ya bandia ya moyo na warfarini ni mwenzangu wa kila siku, usiku nyumba ikitulia valvu yenyewe naisikia, tik tik tik kama saa ya mkononi chini ya mto.

Ile jioni mama anayoisisitiza haitokani na saa ya mwili, ni utaratibu. Damu ya kupima INR (kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) huchukuliwa asubuhi, majibu yanatoka baadaye, wanakupigia simu, kama dozi inabadilishwa basi unaibadilisha jioni ile ile. Ungekuwa umeshameza asubuhi ungesubiri kesho. Hilo tu.

Warfarini ni dawa ya polepole. Yenyewe inakaa mwilini, nusu yake inachukua kama masaa 40 kuondoka, na haizuii damu moja kwa moja, inazuia ini kuitumia tena vitamini K kutengeneza vigandishi vyake vinne. Vile vilivyokwisha kutengenezwa vinabaki vikizunguka mpaka viishe, kimoja kinapungua kwa nusu ndani ya masaa 6 hivi, kingine kinachukua siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo INR ya leo inakueleza vidonge vya juzi na siku ya kabla yake, sio cha jana usiku. Daktari wangu alinionyesha hilo kwa kuchora kwenye karatasi ndo nikaelewa kwa nini nikikosea leo naona matokeo siku tatu mbele.

Na Canada walilifanyia utafiti kabisa, ukatoka 2020, watu zaidi ya 200 waliokuwa wanameza warfarini jioni, nusu wakahamishiwa asubuhi, INR haikutulia zaidi wala kupungua kutulia. Mimi mwenyewe nilihamia asubuhi kwa ruhusa yao, manake jioni nilikuwa nasahau. Na niwaambie kilichonipeleka huko. Wiki moja nilikuwa na wageni nyumbani, jioni nikawa nakaa nikijiuliza hivi nimemeza au sijameza, na nisipokumbuka nameza. Nadhani nilimeza mara mbili siku tatu za wiki ile. Pua ikaanza kutoka damu, nikabana, nikiachia inatoka, karibu dakika arobaini. Kwenda kupimwa INR imesoma 5.6 wakati yangu inatakiwa kati ya 2.5 na 3.5. Sasa nina kile kisanduku chenye vyumba saba, chumba kikiwa kitupu nimemeza, hakuna kujiuliza tena.

SimbaMpole

Mimi naona rahisi tu, hiyo 20 ikate nusu, nusu asubuhi nusu usiku, hapo dawa haiishi mwilini na alfajiri inakukuta umekava, mbona apiksabani inamezwa mara mbili na ni jamii ile ile

DukaLaDawaLaNdani

SimbaMpole ndugu yangu hapana, na nasema hapana kwa nguvu kwa sababu kuna mtu atasoma na kufanya. Mimi ni mfamasia. Apiksabani na dabigatrani zinamezwa mara mbili kwa sababu ndivyo zilivyojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa. Rivaroksabani ya donge la mguu baada ya zile wiki tatu ilijaribiwa mara moja kwa siku, 20 kwa mkupuo, huwezi kuchukua ratiba ya dawa moja ukaivalisha nyingine kwa sababu ni ndugu. Na dabigatrani ile ya kapsuli usiifungue kabisa, ukimeza ule unga bila ganda dawa inaingia mwilini nyingi kuliko ilivyopangwa.

ZamuTatu, babu amesema vizuri kuhusu warfarini lakini ya kwako ni kinyume chake na hapo ndo watu wanachanganya. Warfarini ni kama meli kubwa, ukichelewa masaa matatu haijui. Rivaroksabani inafika kileleni masaa 2 hadi 4 baada ya kumeza, halafu inashuka, kwa kijana nusu yake inaondoka ndani ya masaa 5 hadi 9, kwa mzee 11 hadi 13. Fanya hesabu mwenyewe, kwa masaa 29 zile tano za mwisho unakuwa umebaki na dawa kidogo sana. Ndo maana kwa dawa hizi mpya swali la kwanza ni pengo kati ya dozi, swali la asubuhi au jioni linakuja baada ya hapo. Na hakuna INR ya kukuamsha, hizi hazipimwi kila mara kama warfarini, ukikosea hakuna anayekuona.

Chakula nacho usikichukulie poa. Ile ya 20 ukimeza tumbo tupu inaingia kama theluthi mbili tu, theluthi moja imepotea. Kwa hiyo ukirudi alfajiri umechoka ukameza na maji ukalala, umemeza 20 lakini mwili haukupata 20.

Sasa kuhusu jioni kwa dawa hii, kuna jambo la kweli kidogo. Austria walifanya jaribio lililotoka 2016 kwa watu wachache wenye afya, waliomeza jioni dawa ilikaa juu muda mrefu zaidi, na ile hali ya asubuhi ya mwili kushindwa kuyeyusha madonge ilipungua vizuri zaidi kuliko kwa waliomeza asubuhi. Napenda sana wazo hilo, lina mantiki, linaungana na aliyosema nesi. Lakini walikuwa watu wazima wa afya, wachache, na kilichopimwa ni damu kwenye maabara, haikuhesabiwa nani alipata donge na nani hakupata. Kwa hiyo kama jioni inakukalia, meza jioni. Kama jioni itakufanya ukose mara mbili kwa mwezi, usiitafute alfajiri kwa gharama ya kukosa dozi nzima.

Ushauri wangu: usitafute saa nzuri kwa mwili, tafuta saa ambayo kwenye zamu zote tatu uko macho na unaweza kula. Chora zamu zako tatu moja chini ya nyingine, angalia zinapokutana. Ipo, nina hakika. Ukiipata wapigie waliokuandikia wakuambie uhamie vipi. Na ukisahau dozi ya mara moja kwa siku, ukikumbuka siku ile ile meza, ukikumbuka kesho yake endelea na ya kesho, usimeze mbili kufidia.

Kijana_wa_Moyo

Samahanini naingilia. Mimi natumia aspirini ndogo, nilizibuliwa mshipa wa moyo, je na mimi nihamie usiku? Nimesoma mahali kwamba usiku ni bora

NesiWaKliniki

Aspirini ni mlango mwingine mdogo wangu. Hizo nyingine zinagusa protini za kugandisha, aspirini inagusa chembe sahani, na ikishaigusa chembe moja imeizima mpaka itakapokufa, siku 8 hadi 10. Aspirini yenyewe inapotea kwenye damu haraka sana, nusu yake ndani ya dakika kama 20, lakini kazi imeshabaki. Tatizo ni kwamba mwili unatoa chembe mpya kila siku, kama sehemu moja ya kumi, na ukimeza asubuhi zile zilizotoka usiku zinakukuta asubuhi zikiwa hazijazimwa. Uholanzi walijaribu, utafiti wa 2015, waliomeza kabla ya kulala chembe zao asubuhi zilikuwa zimetulia zaidi. Presha ambayo walitegemea nayo ishuke haikushuka. Sio kwamba imethibitishwa inaokoa watu zaidi, lakini ni swali la halali kabisa kumuuliza daktari wako, hasa kama tumbo haliumi usiku.

Na ZamuTatu wewe usije ukaongeza aspirini juu ya rivaroksabani kwa sababu ya mada hii, wala zile dawa za maumivu za dukani kama ibuprofeni. Hapo ufizi utakuwa mdogo kuliko shida yenyewe.

BabuValvu

Kweli kabisa nesi. Na mama wa ZamuTatu asihame jioni yake kama haisahau, aiache hivyo hivyo. Mboga za kijani ale, ila kiasi kile kile kila wiki, kukibadilisha ndiko kunakoyumbisha INR kuliko saa.

ZamuTatu

Shikamoo babu, na asanteni nyote, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Nimefanya alivyosema mfamasia, nimechora zamu tatu kwenye karatasi moja chini ya nyingine, nikaweka usingizi kwa wino mwekundu. Zinakutana saa 10 jioni! Wiki ya asubuhi niko nyumbani nimeshaoga, wiki ya mchana ni ile mapumziko ya kula, wiki ya usiku nimeshaamka saa nzima. Nimeitazama ile karatasi muda mrefu manake miezi yote hii saa ilikuwepo na mimi nilikuwa nafuata kitanda badala ya kufuata saa.

Nimewapigia leo. Wamekubali saa 10, wakaniambia cha kesho nimeze hiyo saa 10 na chakula badala ya kungoja usiku, halafu niendelee hapo hapo. Kuhusu ufizi wameniita wiki hii wanipime damu, wingi wake na figo, wamesema sehemu ya dawa inatoka mwilini kupitia figo kwa hiyo wanataka kuhakikisha. Wameniuliza kama natumia dawa nyingine yoyote nikakumbuka kuna siku mgongo uliniuma nikameza ibuprofeni za mwenzangu kazini, siku mbili mfululizo, na ni wiki ile ile ufizi ulianza. Nilikuwa nimesahau kabisa mpaka niliposoma hapa.

NesiWaKliniki

Hiyo ibuprofeni waambie tena ukifika, na tarehe uzitaje. Ile karatasi ya vidonge yenye masaa nayo ibebe.

ZamuTatu

Ninayo, nimeiweka kwenye bahasha. Leo nimeandika saa 2 usiku mara ya mwisho.